Nani Alikaa Kando ya Redio

Taarifa nyingi kuhusu TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, katika elimu ya Tanzania huanza na mwaka 2003, ilipotolewa sera ya kwanza ya taifa, zikapitia sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ya mwaka 2007, kisha zikaishia kwenye mkongo wa mawasiliano na vishikwambi. Ukienda na historia hiyo Kiloleli, kata ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, utadhani watu wa huko walikuwa wamekaa tu wakisubiri kufikiwa. Busega imepakana na Ghuba ya Speke upande mmoja na Serengeti upande mwingine. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, mpaka mwaka 2012 Simiyu ilipoundwa na makao yake makuu kuwekwa Bariadi. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na dagaa, na shule zake nyingi za vijijini zilikaa miaka mingi bila umeme. Kwa kipimo cha kompyuta, basi, habari ya TEHAMA huku ni ya juzi. Kipimo hicho ndicho ninachokikataa. Watu wa Kanda ya Ziwa walifundishwa kwa vyombo vya mawasiliano, kwa mpango na kwa wingi wa kushangaza, miaka thelathini kabla ya sera ya 2003, na kumbukumbu za wakati ule zinajibu swali ambalo wakati huu unaliuliza kila mradi unapokwisha: kwa nini chombo kilekile huzaa matunda mahali fulani na kujaa vumbi mahali pengine? Jibu ninalolitetea ni kwamba chombo hakijawahi kufundisha peke yake. Kilichoamua matokeo ni nani aliyekaa kando yake, alikuwa na kijitabu gani mkononi, watu walikutana saa ngapi, na betri ilipoisha ilikuwa kazi ya nani kutafuta nyingine.

Mwanzo wenyewe ni karatasi. Nassa, kwenye ufuko wa ghuba hiyohiyo ya Speke, wamisionari wa Church Missionary Society walifungua kituo mwishoni mwa karne ya 19, wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kusoma kuliingia sehemu hizi kupitia vituo kama hicho, na kwa miaka mingi kulibaki kuwa kazi ya watu wachache walio karibu na kanisa au boma. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la Mambo Leo, likawa kitabu cha kusomea katika shule ambazo hazikuwa na vitabu. Gazeti moja halikuwa na msomaji mmoja: mwenye kujua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, wakauliza, wakabisha. Desturi hii ya mtu mmoja kukiwakilisha chombo mbele ya wengi ndiyo iliyoipokea redio ilipofika, na nadhani watafiti wa mawasiliano huipa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Huku Usukumani kulikuwa na msingi mwingine pia. Vijana wa kijiji walikuwa na vyama vyao vya kulima na kucheza ngoma vilivyoongozwa na nsumba ntale, kiongozi waliyemchagua wenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuita watu, kugawa zamu na kumwajibisha mvivu. Jamii iliyozoea kukusanyika kwa kazi chini ya kiongozi wake haikuhitaji kufundishwa upya maana ya kikundi.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kwa wasikilizaji wa mji na viunga vyake. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalitwaa na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam. Kilichoifanya redio ipenye Usukumani si mawimbi peke yake. Ni pamba. Jimbo la Ziwa lilikuwa kitovu cha pamba ya Tanganyika, na vyama vya ushirika alivyovijenga Paul Bomani na wenzake, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, vilimpa mkulima bei afadhali kuliko aliyoipata kwa mchuuzi. Fedha ya msimu ilinunua baiskeli, mabati na redio. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilipoanza kutengeneza redio na betri za National katika miaka ya 1960, chombo kile kilikuwa na mnyororo kamili nchini: kiwanda, duka la ushirika, mnunuzi mwenye fedha, na kituo kinachozungumza Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku. Hakuna kompyuta iliyowahi kufika shule ya kijiji cha Tanzania ikiwa na mnyororo kama huo nyuma yake.

Mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu, ilijaribu jambo lililokuwa limeanzia mbali. Wakanada walikuwa na vikundi vya wakulima vya kusikiliza redio tangu mwaka 1941, na India ilivijaribu karibu na Poona mwaka 1956 kwa msaada wa UNESCO. Kampeni ya kwanza ya Tanzania, Kupanga ni Kuchagua, ilieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano. Ikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Zote zilikuwa ndogo, za majaribio, na waandaaji walipata nafasi ya kukosea kabla ya kutanua. Hilo peke yake linastahili kukumbukwa, maana miradi ya siku hizi huanza nchi nzima na kujifunza baadaye. Walipofika mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya walikuwa wamekwisha kujua kinachovunja kikundi: kiongozi asiyeandaliwa, kijitabu kinachochelewa, na redio moja inayotegemea huruma ya mwenye nayo.

Mtu ni Afya ilidumu wiki kumi na mbili na ilihusu malaria, kuhara, kichocho, kifua kikuu na maradhi mengine yanayozuilika. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya na kushuka mpaka tarafani, na washiriki walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 14. Ukitazama namna mkutano mmoja ulivyopangwa utaona kwamba redio ilichukua sehemu ndogo kuliko zote. Kipindi kilirushwa kwa saa inayojulikana, hakikufika hata nusu saa, kikaisha. Kiongozi akafungua kijitabu, akasoma somo la wiki kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakaangalia picha, wakajadili kama jambo lile lipo kijijini kwao na kwa nini lipo. Mwisho wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji, kufukia madimbwi. Wiki iliyofuata walianza na kukagua lililofanyika. Kampeni ile iliacha vyoo vingi sana vilivyochimbwa ndani ya msimu mmoja, na choo, tofauti na alama ya mtihani, kinaweza kwenda kuonwa. Redio ilifanya kazi mbili ambazo hakuna mwalimu mmoja angeziweza: iliweka saa moja kwa nchi nzima, na ililipa somo uzito kwa kuwa lilitoka Dar es Salaam. Kufundisha kulifanywa na kiongozi.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na bahati ya ziada. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO na serikali wa kisomo chenye manufaa, mmoja wa miradi iliyozaliwa baada ya mkutano wa Tehran wa 1965 kuhusu kufuta ujinga duniani. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima ajifunze kusoma kwa kitabu kinachozungumzia kazi yake: mkulima wa pamba asome pamba, mvuvi asome uvuvi, wa Bukoba asome ndizi, mfugaji asome ng'ombe. Kwa mtu wa upande wa Kiloleli, ambaye mwaka wake mzima ulipimwa kwa kupanda, kupalilia, kunyunyizia na kuuza pamba, herufi zilikuja zimefungwa ndani ya jambo alilokuwa tayari na maoni juu yake. Angeweza kubishana na kitabu. Kisha likaja gazeti la vijijini lililochapishwa Mwanza, Elimu Haina Mwisho, la kumpa cha kusoma aliyekwisha kuhitimu, kwa sababu waandaaji walikuwa wamegundua kwamba mtu aliyejua kusoma jana husahau kesho asipopata karatasi. Kitabu, gazeti, redio, filamu na mwalimu wa kujitolea aliyelipwa posho ndogo vilikuwa mfumo mmoja. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe, ng'ambo ya ghuba, ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga kabla ya nyingine.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, haukuhusu watu wazima bali walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilivuta karibu tarehe ya elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza UPE, ikawa 1977, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa walimu kwa haraka hiyo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni wafundishe saa chache kwa siku, na saa zilizobaki wakasoma ualimu kwa njia ya posta, redio na mkufunzi wa eneo aliyewatembelea na kuwasahihishia kazi. Baada ya miaka miwili walikwenda chuoni kwa wiki chache kumalizia. Kati ya mwaka 1976 na 1984 waliandikishwa watu wapatao 45,000 kwa njia hiyo, na takriban 38,000 wakafuzu. Watu waliwatania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na utani huo umekaa kuliko takwimu. Lakini vizazi viwili vya watoto wa vijijini, Usukumani kama kwingineko, vilijifunza kusoma kwa walimu hao. Siku hizi tunaita utaratibu huo ujifunzaji mseto na kuutolea semina hotelini.

Sasa pingamizi, na yapo ya kweli. La kwanza ni kwamba vikundi vile havikuwa vya hiari. TANU ilikuwa chama pekee, balozi wa nyumba kumi alijua nani hakuhudhuria, na mwaka uliofuata Mtu ni Afya ndio mwaka wa Operesheni Vijiji, ambapo familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu na nyumba kuchomwa. Mtu anaweza kusema kwamba kile ninachokisifu kama mpangilio kilikuwa ni mkono wa dola uliovaa glavu ya darasa. Sipuuzi hoja hii, maana choo kilichochimbwa kwa kuogopa faini si ushahidi wa elimu. Ila shuruti peke yake haielezi tofauti kati ya kampeni na kampeni. Chama kilikuwa kilekile mwaka 1971 na mwaka 1973. Kilichobadilika ni maandalizi ya viongozi, wingi wa vijitabu na mada yenyewe. Kuhusu mada, watu walikuwa na sababu zao za kuja: mama aliyezika watoto kwa kuhara hakuhitaji balozi amburute kwenye mazungumzo ya kuhara. Tena shuruti ilipotumika pasipo mafunzo, kama katika vijiji vya ujamaa vilivyopangwa mbali na mashamba na malisho, ilileta chuki na mavuno haba. Kama dola ingeweza kuleta matokeo kwa amri tupu, ingeyapata kote.

Pingamizi la pili linahusu takwimu. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 serikali ilisema waliobaki ni asilimia 9.6. Sensa ya 2002 ikakuta kama watatu kati ya kila watu wazima kumi hawajui. Ama hesabu ya 1986 ilipambwa, ama watu walisahau. Naamini yote mawili yalitokea. Mitihani ya kisomo ilikuwa na viwango, na kuvuka kiwango cha tatu hakukuwa sawa na kuweza kusoma barua ya benki. Hata hivyo, ukubali kwamba tarakimu ilinenepeshwa, bado kuna kuporomoka kwa kueleza, na kuporomoka huko kuna ratiba. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, viberiti na betri viliadimika madukani. Posho za walimu wa kisomo zilikatika. Karatasi ya gazeti ikawa bidhaa adimu. Mitambo ya Radio Tanzania iliendelea kurusha. Mawimbi yalipita juu ya vijiji kama kawaida, lakini chini hapakuwa na betri, hapakuwa na kijitabu, na kiongozi wa kikundi alikuwa kwenye foleni ya unga. Teknolojia ilikuwa ileile, matokeo yakatoweka. Sijui jaribio lingeweza kupangwa vipi vizuri zaidi kuonyesha kwamba nguvu haikuwa kwenye chombo.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na uamuzi ambao leo huchekwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zake zikaleta matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu. Televisheni nayo haikuruhusiwa Bara mpaka miaka ya 1990, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Ni rahisi kuuita uamuzi ule ushamba, na gharama yake ilikuwa kweli: kizazi kizima cha wahandisi na wahasibu kilijifunza kompyuta kwa kuchelewa au ughaibuni. Lakini kwa shule ya kijijini marufuku ile haikuondoa chochote. Kilichoiumiza Kiloleli katika miaka ya 1980 ni ukosefu wa betri, si kutokuwapo kwa kompyuta, na tukiwapa lawama waliokataa mashine bila kuwauliza waliouacha mfumo wa vikundi ufe, tunamlaumu mtu asiye mwenye kosa.

Kompyuta ilirudi kwa mlango wa mtaala. Somo la kompyuta lilipewa muhtasari kwa shule za sekondari mwaka 1997, na mabadiliko ya mtaala wa msingi ya 2005 yakaingiza somo la TEHAMA katika shule za msingi. Shule nyingi hazikuwa na mashine wala umeme, kwa hiyo somo lilifundishwa kwa kitabu na chaki: mwalimu alichora kibodi ubaoni, watoto wakainakili kwenye daftari, wakakariri sehemu za kompyuta kama walivyokariri mifupa ya binadamu. Wakati huohuo idadi ya sekondari nchini iliruka kutoka takriban 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009, kwa ujenzi wa shule za kata uliobebwa na michango ya wananchi wenyewe. Kwa mtoto wa Busega shule ya kata ilikuwa mapinduzi makubwa kuliko mashine yoyote, kwa sababu ilimwondolea safari ya bweni ambayo wazazi wake wasingeimudu. Lakini ilifunguliwa mara nyingi bila walimu wa hisabati na sayansi, na hapo ndipo wazo la kuziba pengo la mwalimu kwa chombo lilipopata wapenzi. Ni wazo baya, nami sioni sababu ya kulizungusha. Chombo hakijawahi kuziba pengo hilo. Mwaka 1976 kilitumika kumtengeneza mwalimu.

Simiyu ilipozaliwa ilikuta miradi mlangoni. EQUIP-Tanzania, mpango uliofadhiliwa na Uingereza tangu mwaka 2014 katika mikoa iliyokuwa nyuma kielimu, Simiyu ikiwamo, uliwapa walimu wakuu vishikwambi vya kujazia taarifa za shule, na waratibu elimu kata pikipiki za kuzifikia shule. Tazama uelekeo wa habari katika vyombo hivyo viwili. Kishikwambi kilipandisha mahudhurio na idadi ya madawati kwenda wilayani na wizarani; pikipiki ilimshusha mtu hadi darasani. Nikilazimishwa kusema ni kipi kati ya viwili hivyo kilifanana zaidi na redio ya 1973, nitachagua pikipiki. Haina maana kwamba takwimu ni anasa. Mkoa uliokuwa na watu milioni 2.1 katika sensa ya 2022 hauwezi kupanga walimu wake kwa kukisia. Lakini kujua kwamba watoto thelathini hawakuja leo na kumfundisha mmoja aliyekuja ni kazi mbili, na fedha nyingi zinazoitwa za TEHAMA katika elimu zimelipia ya kwanza.

Mfano wenye kuchokoza zaidi wa Simiyu hauna skrini hata moja. Katika miaka ya uongozi wa mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, aliyekuwa Simiyu kuanzia 2016 hadi 2021, mkoa ulianzisha kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa mahali pamoja kwa wiki kadhaa, walimu mahiri wa mkoa wakapelekwa kuwafundisha wote, wazazi na wadau wakachangia chakula, na nafasi ya Simiyu katika mitihani ya taifa ikapanda. Vijana wa Maswa nao walikuwa wameanzisha kiwanda cha chaki kwa msaada wa mkoa. Hivyo teknolojia ya elimu iliyotengenezwa Simiyu, ikanunuliwa na shule za Simiyu na kutumika katika mafanikio ambayo Simiyu iliyajivunia kuliko yote, ilikuwa chaki. Wapo waliosema kambi zilikuwa za kukaririsha mitihani, na kwamba madarasa mengine yaliachwa bila mwalimu mzuri yule mzuri alipokwenda kambini. Wana hoja. Ninachokichukua kwenye kambi si falsafa yake ya elimu bali utaratibu wake: watu walipangiwa saa, mahali, kiongozi na chakula. Huo ndio ukoo wa Mtu ni Afya, na ulionyesha kwamba watu wa mkoa huu bado wanaweza kujipanga bila chama kimoja na bila balozi wa nyumba kumi.

Kisha Machi 2020 ikatoa jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na mpaka zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, kidato cha sita wakitangulia tarehe 1 ya mwezi huo, vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vikapatikana mtandaoni. Kwa chombo, nchi ilikuwa imejaliwa kuliko 1973: vituo vingi, simu nyingi, mkongo tangu mwaka 2009. Kwa mpangilio ilikuwa maskini kuliko 1973, kwa sababu mkusanyiko wenyewe ndio uliokuwa hatari, na mtoto aliachwa na sauti hewani bila kijitabu wala kiongozi, mara nyingi akiwa shambani au anachunga saa ya kipindi ilipofika. Sitaki kuwalaumu walioandaa vipindi vile kwa haraka. Nasema tu kwamba somo la redio bila kikundi halikuwa urithi wa miaka ya 1970, ingawa lilitajwa hivyo.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka Tanga. Kuanzia mwaka 2017 shindano la kimataifa la XPRIZE liligawa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa maelfu ya watoto wa vijiji 170 vya mkoa huo, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na mwaka 2019 zawadi ikagawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Hapakuwa na mwalimu. Mtu akisema kwamba matokeo hayo yanaivunja hoja yangu, nampa haki ya kusema, kwa sababu redio haikuwahi kuweza hivyo: haisikii jibu la mtoto, hairudii somo, haimsubiri mzito. Kishikwambi kinaweza, na ni ujinga kujifanya hakuna jipya. Lakini kila kijiji kilikuwa na kituo cha sola cha kuchajia na mtu wa kijiji aliyekitunza na kuwaangalia watoto. Betri ilipoisha ilijulikana aende nani. Na nusu ya wale wasiojua neno walibaki hawajui neno, wakiwa na programu bora duniani mikononi. Peru, iliyogawa kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu ya watoto bila utaratibu kama huo darasani, ilipimwa na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika mwaka 2012, ikakutwa haijapata nyongeza yoyote katika hisabati na lugha. Tanga na Peru, kwa hiyo, hazipingani sana kama inavyodhaniwa.

Mwishoni mwa 2022, baada ya sensa, serikali iliwagawia walimu na maofisa elimu vishikwambi karibu 300,000, vingi vikiwa vilevile vilivyohesabia watu. Vilifika hadi shule za kata kama Kiloleli, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa kijijini na mwalimu wa mjini walikuwa na chombo kinachofanana. Sambamba na hapo ukaja mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaowataka walimu wa shule au kata kukutana katika jumuiya za ujifunzaji, kufungua moduli ya Taasisi ya Elimu, kuijadili na kuijaribu darasani kabla ya kikao kinachofuata. Anayejua historia atautambua utaratibu huo mara moja: somo kutoka kituoni, kiongozi, kikundi, mjadala, kitendo, marejeo. Ni kikundi cha kusikiliza redio, ila wanakikundi ni walimu. Pingamizi la mwisho, kwamba watu ni ghali na chombo ni rahisi, hapa ndipo linapopimwa. Chombo kimekwisha kununuliwa, mara moja, kwa fedha nyingi. Kilichobaki ni vitu vidogo vinavyojirudia kila wiki: bando la kufungulia moduli, ambalo mwalimu asipopewa hulinunua kwa mshahara wake, saa ya kikao ndani ya ratiba, isiwe jioni baada ya vipindi vinane, nafuu fulani kwa kiongozi wa jumuiya anayeandaa somo, na fundi wa kioo kilichovunjika aliye karibu kuliko Mwanza. Viongozi 75,000 wa mwaka 1973 walilipiwa mafunzo na vijitabu na nchi iliyokuwa maskini kuliko hii. Bajeti za miradi ya TEHAMA bado huandika vifaa ukurasa wa kwanza, na mambo hayo ya kila wiki, yakiandikwa, huandikwa mwisho kabisa chini ya matumizi mengineyo.